Mawe ya Wesha na Asili Yake

Mtu akitoka mjini Chake Chake, akashika njia ya magharibi, baada ya masafa yasiyomchosha hufika Wesha, mji mdogo wa pwani wenye gati, mikoko, na harufu ya tope la hori. Wageni wengi hupita tu. Hushuka garini, huulizia mashua ya kwenda Misali, na wakikuta maji yamekupwa hukaa kivulini wakinung'unika. Sisi tulikaa Wesha siku tatu, wala hatukwenda kwa ajili ya kuogelea. Tulikwenda kutazama mawe.

Khabari yenyewe ni kwamba vijana wa chuoni kwetu walikuwa wakibishana. Mmoja alisema mawe huota ardhini kama muhogo, na ndiyo maana shamba likisafishwa mwaka huu, mwakani hukutwa mawe mengine. Mwenziwe akasema mawe yote yaliumbwa mara moja, hayazidi wala hayapungui. Hapana shaka Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa yote. Lakini kwa njia gani jiwe hufanyika likawa jiwe, hilo ni jambo la kutazamwa kwa macho na kuulizwa kwa wajuzi. Na Pemba ni pahali pazuri pa kulitazama, kwani hapa mtu huweza kuyaona mawe yaliyokwisha kuwa, na mawe yanayofanyika hivi leo, yote katika safari ya nusu siku.

Tuanze na njia yenyewe. Pemba, ambayo Waarabu wa zamani waliiita Jazira ya Kijani, si kisiwa cha majabali. Vilima vyake vya mikarafuu ni vya mchanga na udongo. Pahali palipokatwa kilima ili barabara ipite, ardhi huonekana imepangika kama chapati katika sahani: tabaka la mchanga, juu yake tabaka la udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanga tena. Baadhi ya tabaka hizo zimekaza hata jembe hugota, na nyingine ungali ukizivunja kwa vidole. Rangi nyekundu inayopaka viatu vya wapita njia ni kutu, yaani chuma kilichomo udongoni kilichopatwa na mvua na hewa. Mtaalamu wa miamba G. M. Stockley, ambaye ripoti yake juu ya ardhi ya Unguja na Pemba ilichapishwa mwaka 1928, aliziita baadhi ya tabaka hizi kwa jina la Chake Chake na nyingine kwa jina la Wete. Wajuzi huzihesabu kuwa ni za zama zilizopita kati ya miaka milioni 5 na milioni 23. Msomaji asistushwe na hesabu hiyo. Tutakutana na kubwa kuliko hiyo kabla ya kumaliza.

Mchanga huo haukuzaliwa Pemba. Uliletwa na mito ya bara, ukamwagwa baharini, nao ukatua chini tabaka juu ya tabaka. Baadaye ardhi ikapasuka kwa nyufa ndefu, kipande kimoja kikanyanyuka na jirani yake kikadidimia. Kilichonyanyuka ndicho kisiwa chetu, na kilichodidimia ndicho Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika kiasi cha mita 800. Unguja ni khabari nyingine. Baina yake na bara maji ni ya makumi machache ya mita, na kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa kadiri ya mita 120 kuliko ilivyo sasa, mtu angaliweza kwenda Unguja kwa miguu. Pemba asingalifika. Hata popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana pahali pengine po pote duniani, ni shahidi wa utengano huo wa muda mrefu.

Tulipofika Wesha tulikuta maji yamepwa, na hori zima limekuwa uwanja wa tope. Wengi hulitazama tope hilo kwa kuchukia, na sisi tulilitazama kwa heshima, kwa sababu ndilo jiwe la zama zijazo. Kila mvua inyeshapo vilimani, maji huteremka na udongo. Mizizi ya mikoko huupunguza mwendo wa maji, na udongo ukatua. Tabaka jipya hulilalia la zamani. Uzito ukizidi, maji yaliyo baina ya chembe hukamuliwa kama tui linavyokamuliwa katika kifumbu, na madini yaliyoyeyuka katika maji hayo hubaki baina ya chembe yakazigandisha mfano wa gundi. Kwa njia hii mchanga huwa jiwe la mchanga, na tope huwa jiwe la matabaka. Hii ndiyo jamaa ya kwanza ya mawe, mawe ya mashapo, nayo huanza juu ya uso wa ardhi, mbele ya macho yetu.

Wala jambo hili si ugunduzi wa jana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijra, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha Shifaa kwamba utotoni mwake aliona ukingoni mwa mto Jayhun udongo ambao watu walikuwa wakioshea vichwa, na baada ya kadiri ya miaka 23 akaukuta umekuwa jiwe laini. Mwanachuoni wa wakati wake, Al-Biruni, alipochimbua ardhi ya Bara Hindi aliona kwamba mawe ya karibu na milima ni makubwa, na kadiri mtu anavyokwenda mbali huwa madogo, mpaka mwisho ni mchanga mtupu karibu ya bahari. Akatambua kuwa nchi ile tambarare ilikuwa bahari iliyojazwa na mito. Tunayataja haya ili vijana wetu wajue kwamba kuuliza khabari ya mawe si kazi ya wageni peke yao.

Sasa na tushuke chini ya ardhi. Ng'ambo ya hori, upande wa kusini, iko Tundaua, ambako mafuta ya ardhini huvuja yenyewe juu ya uso wa nchi. Makampuni ya Shell na BP yaliyatafuta mafuta katika mwambao wetu miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, na Pemba walichimba kisima kilichopewa namba 5, kikamalizika mwaka 1962. Kisima hicho kilikwenda chini mita 3,886. Hawakupata mafuta ya kuuza. Lakini sisi tunaona walipata elimu kubwa. Karibu kilomita nne walikuwa wakipita katika mawe ya mashapo, na mwamba wa msingi hawakuufikia. Basi mtu asimamaye gatini Wesha amesimama juu ya tope na mchanga wa kale uliokuwa mawe, tabaka chini ya tabaka, kwa kina ambacho mnara wo wote wa dunia ungalizama humo usionekane hata ncha. Na chini huko ni joto. Kila kilomita moja ardhi huzidi joto kwa kadiri ya daraja 25 hadi 30 za sentigredi.

Joto hilo ndilo huzaa jamaa mbili nyingine za mawe, nazo Pemba haina. Mwenye kutaka kuziona na atazame ng'ambo. Siku ya hewa safi, mtu aliye upande huu wa kisiwa huweza kuona vilele vya Usambara, vya rangi ya buluu, upande wa Tanga. Milima ile ni ya mawe yaliyogeuka. Kiasi cha miaka milioni 640 iliyopita yalikuwa chini ya ardhi zaidi ya kilomita 25, yakabanwa na kuokwa bila ya kuyeyuka, yakawa mawe mengine kabisa, yenye michirizi myeupe na myeusi. Mfano wake ni chungu. Mfinyanzi huweka udongo motoni. Hauyeyuki, lakini ukitoka haurudi kuwa udongo. Ardhi iliyoyafunika mawe yale imeliwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka, nayo yakanyanyuka mpaka yakaonekana. Tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana mwaka 1967, ilizaliwa katika mawe ya namna hii. Na kina mama wa Kilwa ya zamani walikuwa na vyombo vya jiwe laini lililogeuka, vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Madagaska.

Jamaa ya tatu ni mawe ya moto. Haya hutoka katika mwamba ulioyeyuka, nayo hufanyika kwa njia mbili, ama chini ya ardhi ama juu yake. Wavuna chumvi wa Pemba wataelewa tofauti yake upesi kuliko wasomi: maji ya chumvi yakikauka polepole juani, chembe huwa kubwa, yakichemshwa upesi jikoni, chembe huwa ndogo kama unga. Mwamba uliopoa chini kabisa, mahali pasipo na hewa, huchukua maelfu na maelfu ya miaka kupoa, na chembe zake huwa kubwa za kuonekana kwa jicho. Ndiyo yale majabali ya Mwanza yaliyopandana ukingoni mwa ziwa, ambayo umri wake wapita miaka milioni 2,500. Ndugu zetu waliohiji wamewahi kuyaona mengine: milima ya Makka na Arafa ni ya miamba ya kale sana, na mingi yake ilipoa chini ya ardhi kwa njia hii.

Mwamba ukitoka nje ungali maji, hupoa kwa siku chache, na jiwe lake huwa jeusi lenye chembe za kutoonekana. Waliofika Madina wameiona Harra, nchi ile ya mawe meusi. Mwaka 654 wa Hijra, yaani 1256 wa Miladi, ardhi ilitetemeka karibu na mji wa Mtume (s.a.w.), kisha ikapasuka, na mto wa moto ukapita zaidi ya kilomita 20. Ulidumu siku 52 kabla ya kuzimika, na haukuingia mjini. Wanahistoria wa Kiislamu waliandika khabari zake kwa urefu. Katika nchi zetu, watu wa Goma, mashariki ya Kongo, hawahitaji kusoma vitabu vya zamani. Januari 2002 mto wa moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji wao hata ukaingia ziwani Kivu, na Mei 22, 2021 ukatoka tena, ukafika kando ya mji na kuteketeza nyumba nyingi. Leo mawe hayo meusi hujengewa kuta za nyumba mpya. Kaskazini ya Tanzania, karibu na Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai hutoa kitu cha ajabu zaidi: moto wake si mkali kama wa milima mingine, hupata daraja 500 hadi 600 tu, hutiririka mweusi kama lami, na baada ya siku chache, ukipatwa na unyevu wa hewa, huwa jiwe jeupe. Hakuna mlima mwingine wa moto duniani ufanyao hivyo katika zama zetu.

Na wale wenye jamaa Omani tunawanong'oneza jambo moja. Milima ile ya rangi ya kahawa na weusi, mtu aionayo akitoka Maskati kwenda Samaili, si milima ya kawaida. Ni sakafu ya bahari, pamoja na mwamba wa kina kilichokuwa chini ya sakafu hiyo, uliosukumwa ukapanda nchi kavu. Kisa hicho kilianza kadiri ya miaka milioni 95 iliyopita. Wataalamu wa dunia nzima husafiri kwenda kugusa kwa mikono yao kitu ambacho pahali pengine kiko kilomita nyingi chini ya bahari. Waulizeni wajomba zenu kama walijua.

Ulaya, miaka zaidi ya 200 iliyopita, walikuwepo waliosema mawe yote yametokana na maji, na waliowajibu, kama James Hutton wa Scotland, kwamba mengi yametokana na moto. Waligombana sana. Maji na moto vyote viwili vilikuwa na sehemu yao.

Turudi Pemba, kwani liko jiwe jingine ambalo hatujalitaja, nalo ndilo lililotupandisha mashuani. Kutoka Wesha tulikwenda Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya ile rasi ndefu, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Baadhi ya wanachuoni wamedhani kuwa hapa ndipo Qanbalu aliyoitaja msafiri Al-Masudi katika karne ya 4 ya Hijra. Wengine hawakubali, na sisi hatuna la kuamua. Msikiti ambao magofu yake yanaonekana hukadiriwa kuwa wa karne ya 14 ya Miladi, na wachimbuzi wamekuta chini yake alama za misikiti iliyotangulia. Tulilolishika sisi ni ukuta. Tulipoweka kidole tuliona vijitundu vidogo vidogo vilivyopangika kama sega la nyuki. Kila kijitundu kilikuwa nyumba ya mnyama.

Jiwe hili halikutoka katika tope wala katika moto. Viumbe wadogo wa matumbawe, laini kama kamasi, huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari wakaifanya nyumba zao. Wakifa, nyumba hubaki, na wengine hujenga juu yake. Mawe makubwa ya mviringo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Basi lenye kimo cha mita moja lina umri wa miaka mia. Miamba mingi ya maweni katika mwambao wetu ilijengwa kadiri ya miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa kwa mita 6 hadi 9. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu.

Wajenzi wa zamani walijua aina mbili zake. Jiwe la maweni, gumu na la kukwaruza, walilitia katika ukuta. Tumbawe la baharini walilikata likingali bichi na laini, wakachonga mihrabu na vizingiti, kisha likakaza kwa hewa. Na mawe mengine wakayachoma juu ya magogo katika tanuu. Hapa ndipo pana jambo ambalo hatukulijua kabla ya safari hii, nalo lilitupendeza kuliko yote. Moto huitoa hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, likawa chokaa. Fundi huitia maji, akaichanganya na mchanga, akapaka. Tangu siku hiyo chokaa huanza kuvuta kutoka angani hewa ileile iliyoipoteza, polepole, mpaka ikarudi kuwa jiwe lilelile la chokaa. Ukuta wa Ras Mkumbuu, basi, ni mwamba uliofanyika juu ya ardhi kwa mikono ya watu. Hata saruji ya leo asili yake ni hiyo: kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, huchimba mawe ya chokaa papo hapo kilipo.

Jioni ya siku ya pili kijana mmoja wa pale pwani, aliyekuwa akikusanya mawe ya msingi kwa ajili ya nyumba ya harusi yake, alitujia akasema, "Maalim, jiwe la baharini halina mwenyewe. Saruji inaniumiza, na mwamba uko tele."

Tukamuuliza, "Mwanangu, mawe haya umeyatoa maweni au umeyang'oa yangali hai?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mengine haya, mengine haya."

Mzee mmoja, ambaye ni ami yake, akadakia: "Tulipokuwa vijana tulivua tasi hapo mbele kwa mshipi tu. Sasa tazama mawimbi yanavyopanda."

Hatukumlaumu kijana yule, kwani nyumba ni wajibu wake na bei ya saruji si neno dogo kwa mvuvi. Lakini tulimwambia tunavyoona, na hapa tunakariri. Jiwe la maweni limekwisha kufa zamani. Likichimbwa kwa kiasi, mbali na ukingo wa bahari, hasara yake ni ndogo. Tumbawe hai ni ukuta unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani, na ni nyumba ya samaki. Jiwe moja la kimo cha goti huchukua nusu ya karne kukua, na mtaimbo mmoja waling'oa baina ya adhuhuri na alasiri. Isitoshe, matumbawe yamekwisha kupata mtihani mwingine usio wa mikono ya kijana yule. Mwaka 1998 maji ya bahari yalizidi joto, matumbawe ya mwambao wa Afrika Mashariki yakageuka meupe na mengi yakafa, na Misali haikusalimika. Joto la namna hiyo likarudi mwaka 2016, na tena 2024. Penye mwamba uliokufa, jiwe jipya halifanyiki. Na lile la zamani huendelea kuliwa na mawimbi, na konokono, na mvua. Kijana alitusikiliza kwa adabu, akasema atazungumza na fundi wake. Yaliyofuata hatukuyashuhudia.

Siku ya tatu tulivuka kwenda Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akaomba mswala, wavuvi hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mswala wake, kwa jinsi kilivyoelekea Kibla. Kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe wa kale, chenye mapango, na tangu mwaka 1998 ni eneo la hifadhi. Pembezoni mwake mwamba umeliwa chini na kubaki mpana juu, mfano wa mwavuli. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya maji, wadogo zake wangali hai: wa rangi ya zambarau, ya kijani na ya kahawia. Tulisimama baina ya jiwe la miaka mingi isiyokumbukwa na jiwe lililozaliwa mwaka jana, na upana wa baina yake haukupita ukumbi wa nyumba.

Mwenye kutaka kuyaona haya na asafiri siku za bamvua, ambapo maji hukupwa sana kiasi cha saa nne za asubuhi. Aondoke Wesha mapema, kabla hori halijakauka, la sivyo mashua itakaa juu ya tope naye juu ya mashua. Achukue viatu vya mpira, kwani mwamba wa kale una makali kama wembe. Na afikapo penye matumbawe hai, asikanyage.